Friji la Shemeji

Alhamisi, saa nne asubuhi, friji lilimshika Loveness.

Sisemi lilimpiga. Kupigwa na friji lile lilikuwa jambo la kawaida nyumbani kwa mwalimu Wilson, hapa kwetu Machame, na kila mtu alishazoea namna yake ya kupigwa. Safari hii lilimshika. Binti wa miaka kumi na minne, amemaliza darasa la saba, ametoka kupiga deki, miguu mitupu, maji yanamchuruzika vidoleni, kanyoosha mkono achukue maziwa. Mama yake, Aikande, alikuwa mlangoni anamenya ndizi za kiburu, za kupika na maharage. Akasikia yowe lililokatika katikati. Alipoinua kichwa alimwona mwanawe amesimama kwa ncha za vidole, mdomo wazi, shingo imekakamaa, mkono umeganda kwenye kishikio cha friji. Kisha yale maji yakamtelezesha, akaanguka chali, na kuanguka huko ndiko kulikomwokoa.

"Mama, limenivuta," Loveness alisema alipopata sauti. "Nilitaka kuachia, likakataa."

Aikande alimtazama kiganja, akamtazama macho, akamwambia ahesabu hadi kumi. Loveness akahesabu. Hapo mama mtu akazungushia mkono khanga kavu, akapenyeza nyuma ya friji na kuchomoa plagi ukutani. Akakaa sakafuni, kwenye yale yale maji.

Friji hilo lililetwa Desemba iliyopita na Primus, mdogo wake Wilson, anayefanya kazi Dar. Lilipanda juu ya lori la fuso, limefungwa utepe mwekundu, majirani wanapiga vigelegele. Na sisi watu wa mlimani mnatujua. Desemba ikifika kila aliyeko mjini hupanda na kitu, na kitu cha zawadi hakisemwi vibaya. Blenda isiyosaga, utaisifu. Pasi inayounguza, utaiweka sebuleni wageni waione. Friji linalouma, utanunua ndala. Nyumba ile walinunua ndala jozi mbili, zikakaa mbele ya friji, na sheria ikawa kwamba hakuna kufungua bila kuvaa. Miezi kumi na moja waliishi hivyo, tena wakilifanyia utani kwamba friji la shemeji lina wivu.

Siku hiyo Aikande hakuona utani wowote.

*

Wilson alirudi kutoka shule saa tisa alasiri. Kabla hajaweka mkoba chini, mkewe alikwishamweleza yote.

"Alikuwa amevaa ndala?"

"Baba Loveness, mtoto ameshikwa na umeme, unaniuliza ndala?"

"Nauliza kwa sababu jibu liko hapo. Maji na umeme vina undugu gani? Nimewafundisha mara ngapi?" Akaenda jikoni, akaona plagi imelala sakafuni. "Na hii nani kachomoa?"

"Mimi."

"Dawa ya baba imo humu."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Baba yake Wilson, Mzee Ebenezeri, alikuwa na kisukari, na vichupa vya sindano zake vilipangwa kwenye mlango wa friji, vikae baridi, ajichome asubuhi na jioni.

"Nitavipeleka kwa jirani," Aikande akasema. "Mama Elisifa ana friji."

"Mama Elisifa atauliza kwa nini. Utamjibu nini? Kwamba Primus ametuletea takataka?" Wilson alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Jumapili ni kipaimara cha mwanao. Primus anapanda na familia yake. Aingie humu akute zawadi yake imechomolewa, imegeuzwa kabati la vyombo? Utakuwa umemvua nguo mbele ya ukoo."

"Basi aje fundi alitazame."

"Fundi ana mdomo. Kesho kutwa usharika mzima utajua."

Alivaa ndala, akarudisha plagi. Friji likanguruma, likatetemeka, likatulia. Wilson akagusa mlango wake kwa kucha, haraka, kama mwanamke anayejaribu pasi.

"Unaona? Halina kitu."

Aikande aliona. Aliona kwamba mumewe hakugusa kwa kiganja.

*

Ijumaa alfajiri mvua ya vuli ilinyesha kwa hasira, na sakafu ya saruji ikaanza kutoa jasho kama inavyofanya kila Novemba. Aikande akavaa mabuti yake ya mvua, yale ya kuingilia zizini, akaingia nayo jikoni. Aliyatembelea humo kutwa. Magreth wa jirani, aliyekuja kuazima sufuria, alimkuta anakoroga uji amevaa mabuti, akacheka hadi akashika mlango.

"Mama Loveness, jikoni kwako kuna tope?"

"Baridi tu, Magreth. Miguu inaniuma."

Akavumilia kuchekwa. Alikwishaapa moyoni kwamba mpaka Jumapili ipite hakuna mkono mwingine utakaogusa friji isipokuwa wake. Loveness alimtii. Kazi ilikuwa kwa mzee.

Mkwe hamwamuru baba mkwe. Aikande alimpelekea kichupa chumbani kwenye kisahani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Baba. Nimekuletea dawa mwenyewe. Kuanzia leo nitakuwa nakuletea."

"Marahaba." Mzee Ebenezeri alitazama kisahani kama aliyeletewa uji wa mgonjwa. "Sijafa bado, mwanangu. Miguu ninayo."

"Najua, Baba. Ni kwa sababu ya ule umeme wa friji. Jana ulimshika Loveness."

"Watoto wa siku hizi ni waoga." Alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. "Mimi shida yangu ni hii ganzi. Kila asubuhi mkono unachomachoma mpaka kwenye kiwiko. Sukari imeanza kunila. Nimeshamwonyesha Wilson pale nitakapolala, kando ya mama yao, chini ya ile mikahawa ya zamani. Kwa hiyo msihangaike sana na mimi."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayeagiza chumvi. Aikande alitoka mle chumbani na uchungu wa vitu viwili, na hakujua aanze kulilia kipi.

Mchana, Wilson akiwa shuleni, aliingia zizini na simu akajibanza nyuma ya ng'ombe. Alimpigia Hilaria. Hilaria ni binti wa Uru, Mkatoliki, mwenye kibanda chake cha ufundi umeme Moshi mjini; ndiye aliyewatengenezea kinamama wa kwaya kinanda chao kilipoungua.

"Dada Hilaria, nina friji linashika watu."

"Linapiga au linashika?"

"Lilikuwa linapiga. Sasa linashika."

"Lichomoe sasa hivi. Usinisubiri."

"Nililichomoa, mume wangu akalichomeka."

"Basi mchomoe mumeo."

Aikande alicheka, kicheko kikamgeukia kikawa kwikwi. Hilaria akasubiri imalizike. Kisha akamwambia, taratibu, kwamba atakuja kesho saa mbili asubuhi, na kwamba kuna jambo moja la kushika. "Mtu akinaswa, usimguse. Hata akiwa mwanao. Ukimgusa mnakuwa wawili. Zima meni swichi kwanza. Unajua iko wapi?"

"Nje, ukutani, chini ya mita ya luku."

"Nenda kaiguse sasa. Shusha, pandisha, mara tatu. Mkono uizoee."

Akaenda. Akazima na kuwasha mara tatu, mvua ikimpiga mgongoni, na kila friji lilipozimika jikoni alijisikia anapumua.

*

Jumamosi nyumba ilisuguliwa tangu saa kumi na moja alfajiri. Sebule, ukumbi, jikoni, kote sabuni na maji. Saa moja Loveness akaenda kanisani kwenye mazoezi ya kipaimara. Wilson akaondoka kufuata viti na maturubai. Saa mbili kasoro simu ikalia: Hilaria ameshushwa na bodaboda kule chini, barabara imekatika kwa mvua, hajui njia ya mkato ipi.

Aikande alichungulia chumbani kwa mzee. Amelala, au amefumba macho. "Baba, natoka kidogo hapo chini. Dawa nakuletea nikirudi." Mzee akaguna.

Kwenda na kurudi ni dakika kumi na tano. Alikimbia kwenda. Kurudi walipanda pamoja, Hilaria na mfuko wake wa vifaa begani, wanaongea habari za matope. Walipofika barazani Aikande aliona mabuti ya mpira ya Mzee Ebenezeri.

Yalikuwa mlangoni, yamepangwa vizuri, pua zikitazama nje. Mzee yule hakuwahi kuvua mabuti kuingia jikoni kwake tangu ajenge nyumba. Leo aliona sakafu inang'aa, akaona kazi ya wanawake waliodamka kusugua, akaona si adabu kuichafua.

"Baba!" Aikande aliita.

Aliyejibu hakuwa mtu. Ulikuwa mlio wa chini, wa kooni, kama wa anayekoroma akiwa macho.

Alikuwa amesimama mbele ya friji, mkono wa kulia kwenye kishikio, nyayo zake kavu za kizee juu ya saruji iliyolowa. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka kidogo kidogo, upesi upesi. Macho yalikuwa wazi na yalimwona Aikande. Hilo ndilo ambalo mpaka leo hawezi kulisimulia bila kunyamaza: kwamba macho yalimwona, na yalikuwa yanaomba.

Mikono ya Aikande ilitangulia mbele yenyewe.

"Usimguse!" Hilaria alipiga kelele nyuma yake.

Akageuka. Fikirini kumpa mgongo mtu anayekufa, tena baba mkwe wako, aliyekutolea mahari kwa mkono wake. Akageuka, akatoka, akazunguka kona ya nyumba, akateleza, akanyanyuka, na mkono ukaiona swichi kabla ya macho. Akaishusha.

Ndani kitu kikaanguka kama gunia.

Alimkuta Hilaria amepiga magoti, sikio kifuani kwa mzee. "Anapumua. Vibaya, lakini anapumua. Mlaze ubavu. Nani ana gari hapa?"

Mama Elisifa alikuwa na gari, na aliuliza kwa nini, na Aikande akamjibu neno kwa neno kutoka Machame mpaka hospitali, bila kuficha hata nukta. Kiganja cha mzee kilikuwa na mstari wa kuungua, mweupe katikati, upana wa kishikio. Aikande alikishikilia njia nzima akisema, "Baba, nipo. Baba, nipo," na kila mara mzee alipochelewa kuvuta pumzi, yeye alisahau kuvuta yake.

*

Walimpima moyo mara tatu na kumweka chini ya uangalizi. Saa kumi na moja jioni daktari akasema moyo umetulia, anaweza kurudi, ila akipata kizunguzungu arudishwe mara moja. Wilson alikuwa amefika hospitali anahema, shati alilobebea viti na maturubai limemganda mgongoni. Kwenye gari alikaa mbele na hakugeuka nyuma.

Nyumbani Hilaria alikuwa bado yupo. Loveness alikuwa amempikia chai. Friji lilikuwa limevutwa mpaka katikati ya jikoni, mgongo wazi, na waya wake wote umekatwa na kulazwa juu ya gazeti mezani, kama nyoka aliyeuawa.

"Shikamoo, Mzee. Pole sana," Hilaria akasema.

"Marahaba, binti. Nionyesheni kilichonipiga."

Wakamkalisha. Hilaria hakuwa na haraka. Alisema mtu akishuku waya, kwanza anachomoa ukutani, halafu anaupitisha wote vidoleni, pole pole, shubiri kwa shubiri, akitafuta palipovimba, palipokauka, palipoungua. "Plagi hii ina miguu miwili. Friji lilitoka kiwandani na miguu mitatu. Ule wa tatu ndio wa ethi, kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea uende ardhini badala ya kupita kwa mtu. Umekatwa. Sasa hapa." Alishika sehemu karibu na plagi, imefungwa plasta ya kidonda, tabaka juu ya tabaka. Akaifungua. "Ndani kuna nyaya tatu. Aliyeunga ameunganisha ya kahawia na ya kahawia, ya bluu na ya bluu. Hii ya kijani imebaki haina mwenzake, akaizungushia plasta akailaza ubavuni mwa ya kahawia. Ya kijani imefungwa kwenye bati la friji. Ya kahawia ndiyo yenye moto. Plasta ikiwa kavu ilizuia zuia. Mvua ilipoanza, ikalowa."

"Nani aliunga?" mzee akauliza.

Wilson akavuta kiti, akaketi.

"Mimi, Baba. Tarehe ishirini na saba, Desemba. Lilikuwa haliwaki. Nilikata pale palipokuwa pamelegea nikaunga upya, na plagi nikabadilisha, ile ya miguu mitatu haikuingia ukutani." Mwalimu wa hesabu, mtu mzima, alikuwa anazungumza na vidole vyake. "Primus alikuwa hajaondoka. Sikutaka ajue lilifika bovu."

"Miezi kumi na moja," Aikande akasema. "Uliniambia ndala."

"Nilijua ni kosa dogo. Nilitaka nilirekebishe. Kila nikitaka kulifungua, naogopa mtaniuliza nafanya nini."

Mzee Ebenezeri alikuwa anatazama mkono wake uliofungwa bendeji. "Daktari ameniuliza jambo," akasema. "Nimemwambia ganzi ya sukari imenianza, akaniuliza mkono upi. Nikamwambia wa kulia. Akaniuliza, na miguu? Miguu haina neno. Akasema ajabu, sukari kwa kawaida huanzia miguuni, tena yote miwili." Akamgeukia Hilaria. "Binti, mtu aliyevaa mabuti ya mpira akishika friji hili kila asubuhi, anasikiaje?"

Hilaria aliinamisha kichwa. "Kuchomachoma, Mzee. Mpaka kwenye kiwiko."

Loveness ndiye aliyeanza kulia, na babu yake akamvuta kwa mkono mzima. Mzee wa watu alikuwa amejichagulia kaburi kwa sababu ya plasta ya kidonda.

"Kuna jingine," Hilaria akasema. Ilionekana hapendi kulisema. Akauvuta waya mpaka mwisho wake wa juu, kule ulikoingilia kwenye mashine ya friji. Palikuwa na uvimbe mwingine, huu wa nailoni nyeusi iliyobanwa na mpira wa baiskeli. Chini yake ganda la waya lilikuwa limetafunwa, meno madogo madogo, shaba iko nje. "Panya. Na si wa jana. Hata kama kule chini pangeungwa vizuri, hapa napo pangeua. Mwalimu, hii pia ni yako?"

Wilson akasogea, akatazama. "Hiyo naiona leo kwa mara ya kwanza. Mimi sikufika huko."

Simu yake ikaanza kulia mfukoni. Alitazama kioo, akamtazama baba yake.

"Ni Primus?" mzee akauliza. "Weka sauti. Tumsikie wote."

"Kaka!" Sauti ya Primus ilijaa jikoni, na nyuma yake muziki wa gari na kelele za watoto. "Tumepita Same! Soda zishapoa? Nimewaahidi watoto kwamba kwa babu kuna friji."

"Primus, zima muziki." Wilson alivuta pumzi. "Friji lako limemnasa Baba leo asubuhi. Yuko hai. Waya niliuunga mimi vibaya, tangu Desemba, nikaficha. Sikutaka kukuaibisha. Nisamehe."

Muziki ulizimwa. Wilson alidhani mtandao umekata, akaitazama simu.

"Kaka," Primus akasema mwishowe, kwa sauti ya mtoto. "Uliunga wapi? Chini au juu?"

Aikande alifumba macho.

"Chini," Wilson akajibu.

"Ile ya juu ni yangu. Panya waliutafuna waya friji likiwa stoo. Fundi aliniambia nisilisafirishe mpaka nibadilishe waya mzima. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili, mabasi yamejaa, fuso linaondoka, nikasema nipande mikono mitupu? Nikafunga nailoni. Nikasema wakiona lina shida watasema." Akakohoa. "Hamkusema. Kila nikipiga mnasema linagandisha vizuri."

Mzee Ebenezeri alikuwa anatazama sakafu, maana hata yeye aliwahi kuchukua simu hiyo hiyo, Pasaka, akasema mwanangu Mungu akubariki, maziwa hayaharibiki tena.

Aikande alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Shemeji, ni Aikande. Baba yuko hapa, anakusikia. Endesheni pole pole, mfike salama, chakula kipo. Kesho tukitoka kanisani wageni watapewa soda za moto, na watauliza, kwa sababu waliliona friji likishushwa. Mimi sitajibu. Mtasimama wawili, wewe na kaka yako, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, muwaambie."

"Mama Loveness," Wilson alisema, anainuka kitini, "mambo mengine ni ya ndani, huwezi..."

Mzee Ebenezeri akainua mkono wake uliofungwa bendeji, na Wilson akaketi.